Kabla Uweke Sola Ili Uuzie Kenya Power, Piga Hesabu Hii

Kuna ahadi moja inazunguka sana siku hizi, kwa mabango, kwa status za WhatsApp na kwa midomo ya mafundi: weka paneli juu ya nyumba, mchana utumie stima ya jua, na ile inayobaki uiuzie Kenya Power wakulipe kila mwezi. Ukiwa unakaa Githurai 45 ahadi hiyo inavutia, na si ajabu. Jua tunalo. Paa za ghorofa ziko kila upande, kuanzia stejini hadi ndani kabisa kuelekea Kimbo. Na kila mtu anajua uchungu wa kununua tokeni ya shilingi 200 na kuona yuniti zilizoingia ni chache kuliko za mwezi uliopita.

Nusu ya ahadi hiyo ni kweli. Sheria ya Kenya inakuruhusu kuunganisha paneli zako na laini ya Kenya Power na kuwarudishia umeme ambao hujautumia. Nusu ya pili si kweli. Hakuna pesa itakayoingia kwa simu yako kila mwezi kutoka kwa Kenya Power kwa sababu ya paneli za nyumbani. Mpango haufanyi kazi hivyo.

Mimi nimesomea masoko, kwa hivyo najua jinsi tangazo hutengenezwa: unachukua kitu cha kweli, unakinyoosha kidogo, halafu unamwacha mnunuzi amalizie mwenyewe kichwani. Shida ni kwamba sola si sabuni. Ni akiba ya miaka, ni mkopo wa sacco, ni pesa ambazo mtu angelipia karo. Na nyingi za pesa hizo hupita kwa simu, kuanzia malipo ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana nadhani ni jukumu letu kulisema hili hapa kabla mteja hajabonyeza "tuma".

Msimamo wangu ni huu: sola ya kuunganishwa na laini ni kitu kizuri, lakini faida yake kubwa iko kwenye umeme unaoutumia wewe mwenyewe mchana, si ule unaousukuma barabarani. Na mpango wenyewe, jinsi ulivyoandikwa, umemsahau mtu ambaye Githurai imejaa yeye: mpangaji.

Sheria inasema nini hasa

Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Nishati ya 2019, kifungu cha 162. Kinasema mteja wa umeme mwenye mtambo wake wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 anaweza kuomba mkataba na kampuni inayomsambazia umeme, ili ule wa ziada uingie kwa laini yao na yeye ahesabiwe. Kanuni za kutekeleza kifungu hicho zilikuja miaka mitano baadaye, 2024. Mdhibiti wa mambo haya ni EPRA, ile mamlaka ambayo wengi tunaijua kwa kutangaza bei ya petroli kila tarehe 14.

Ukiondoa lugha ya mawakili, mambo ya kukumbuka ni manne:

1. Hulipwi pesa, unapewa salio la yuniti. Umeme uliorudisha unapunguzwa kwa ule ulionunua. Ni kama salio la bando: unaweza kulitumia, huwezi kulitoa kwa ajenti.

2. Salio ni nusu. Ukipeleka yuniti 10 kwa laini, unaandikiwa 5.

3. Salio lina mwisho. Lisipotumika mwezi huu linasonga mwezi ujao, lakini mwaka wa fedha wa kampuni ya umeme ukifika mwisho, lililobaki linafutwa.

4. Lazima uwe na mkataba na mita ya pande mbili. Mita hiyo inasoma umeme unaoingia kwako na ule unaotoka, kila mmoja kivyake. Huwezi tu kuchomeka paneli ukutani na kungoja salio.

Jambo la tatu linastahili dakika moja zaidi. Kenya Power hufunga mwaka wake wa fedha Juni 30. Sasa fikiria majira yetu. Januari hadi Machi jua ni kali, paneli zinazalisha vizuri, salio linajaa. Julai na Agosti, kila mtu wa Thika Road anajua kile kibaridi na mawingu ya asubuhi hadi saa nane. Hiyo ndiyo miezi ambayo salio lingekusaidia zaidi, na ndiyo miezi inayoanza siku moja tu baada ya salio kufutwa.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano. Nyumba inatumia yuniti 150 kwa mwezi: friji, televisheni, taa, pasi, blenda, na maji moto ya kuoga. Kati ya hizo, 50 zinatumika mchana jua likiwa limewaka na 100 zinatumika asubuhi mapema na usiku. Nyumba nyingi za watu wanaofanya kazi ziko hivyo, kwa sababu mchana hakuna mtu.

Kwa jua la upande wetu wa Nairobi na Kiambu, kilowati 1 ya paneli iliyokaa vizuri inaweza kutoa takriban yuniti 4 kwa siku, ukichukua wastani wa mwaka. Kwa hivyo:

Ukiweka kilowati 3: unazalisha takriban yuniti 360 kwa mwezi. Unatumia 50 mwenyewe, unapeleka 310 kwa laini, unaandikiwa salio la 155. Matumizi yako ya usiku ni 100, yanafutwa yote. Yuniti 55 za salio zinabaki, mwezi ujao zinabaki nyingine, na nyingi zitafutwa Juni bila kukusaidia.

Ukiweka kilowati 1.5: unazalisha takriban yuniti 180. Unatumia 50, unapeleka 130, unaandikiwa 65. Usiku unahitaji 100, kwa hivyo unanunua 35 tu.

Linganisha. Kilowati 1.5 za kwanza zilikuondolea yuniti 115 kutoka kwa zile 150. Kilowati 1.5 za pili zikakuondolea 35 zilizobaki, na nyingine ukawapa jirani zako kupitia Kenya Power. Muuzaji anayekuambia "weka kubwa, utauza zaidi" anakuuzia nusu ya pili ya paneli ambayo kazi yake ni ndogo sana.

Sasa usiongeze hata paneli moja. Badilisha tabia. Ukiwa na zile kilowati 1.5, hamisha yuniti 30 za usiku zije mchana: mashine ya nguo iwashwe saa sita badala ya saa mbili usiku, pasi ya wiki nzima ipigwe Jumamosi mchana, pampu ya maji ijaze tangi jua likiwa juu. Unatumia 80 mchana, unapeleka 100, salio ni 50, usiku unahitaji 70. Unanunua 20. Umeokoa yuniti 15 zaidi bila kununua chochote.

Hesabu yote iko kwa sentensi moja: yuniti unayoitumia mwenyewe ina thamani ya yuniti nzima, unayoisukuma nje ina thamani ya nusu.

Kuna faida nyingine ya kutumia umeme wako mwenyewe, na sijaona tangazo likiitaja. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa ngazi, wakiangalia wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Katika bei za msingi zilizoanza Aprili 2023, aliyetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa yuniti, wa 31 hadi 100 shilingi 16.30, na aliyezidi 100 shilingi 20.97. Hiyo ni kabla ya gharama ya mafuta, ya fedha za kigeni na ushuru. Bei hurekebishwa, lakini muundo ndio huo, na ukiwa ngazi ya juu yuniti zako zote hulipiwa bei ya juu, si zile zilizozidi tu.

Kwa bei hizo, nyumba inayonunua yuniti 150 inalipa msingi wa takriban shilingi 3,145. Ikijitosheleza kwa yuniti 60 za mchana na kununua 90, inashuka ngazi na msingi unakuwa shilingi 1,467. Yuniti zimepungua kwa asilimia 40, gharama ya msingi imepungua kwa zaidi ya nusu. Na hapo hatujagusa hata yuniti moja ya salio.

Stima ikipotea, paneli zako nazo zinalala

Hili huwashangaza wengi. Mfumo wa kuunganishwa na laini usio na betri huzimika laini ikizimika, hata kama ni saa saba mchana na jua linachoma.

Si hitilafu. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli ufanane na wa Kenya Power, hutengenezwa ijizime hivyo kwa makusudi. Fundi anapopanda kwa nguzo kurekebisha waya uliokatika, anaamini hauna moto. Kama paneli zako zinaendelea kusukuma umeme kwa waya huo, unaweza kumuua.

Kwa hivyo kama sababu yako kubwa ya kutaka sola ni kupotea kwa stima, paneli peke yake hazitakusaidia. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia gizani, nyumba yenye paneli bila betri ilikuwa giza kama ya jirani. Anayehitaji taa wakati huo anahitaji betri na inveta ya aina inayoweza kujitenga na laini. Betri ni gharama nyingine, na mara nyingi kubwa. Muulize muuzaji swali hili moja kwa moja: "Stima ikipotea saa tano mchana, nyumba yangu itakuwa na nini?" Akisitasita, shukuru na uende duka lingine.

Je, nusu ni haki?

Wengi wakisikia wanaandikiwa nusu wanasema wameibiwa. Mimi sikubaliani nao kabisa, na najua hili halitanipatia marafiki.

Umeme wa nchi hii unahitajika zaidi kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Watu wamerudi nyumbani, taa zimewashwa, wali uko jikoni, mpira uko kwa televisheni. Saa hiyo paneli zako zimelala. Kenya Power bado inahitaji mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na umeme unaonunuliwa Ethiopia ili kukuwashia taa. Yuniti uliyowapa saa sita mchana si sawa na yuniti unayowaomba saa mbili usiku. Wao ndio betri yako.

Halafu kuna nguzo, transfoma, waya na mafundi. Gharama hizo hulipwa kupitia bei ya yuniti. Mwenye nyumba kubwa Runda akiweka paneli na kuandikiwa yuniti nzima kwa yuniti nzima, analala usiku kwa laini ileile na hachangii chochote. Anayebaki kuchangia ni mama mboga wa Githurai anayenunua tokeni ya shilingi 100 kwa bedsita yake. Si sisi tu tuliokutana na swali hili. California, ambako paneli za nyumbani zilienea mapema, walipunguza sana malipo ya umeme unaorudishwa kwa wateja wapya kuanzia Aprili 2023, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa hii hii: gharama ya laini kuwaangukia wasio na paneli.

Kwa hivyo nusu naweza kuishi nayo. Kufuta salio Juni 30 siwezi kuitetea. Mtu ameshakatwa nusu kulipia laini. Ile nusu iliyobaki ni yake. Kama shida ni watu kuweka mitambo mikubwa kupita kiasi, wawekee kikomo cha ukubwa. Ukitaka kufuta, futa baada ya Septemba, jua likianza kurudi, ili salio la kiangazi limsaidie mtu kupita baridi. Kwa kampuni ni tarehe tu ya kubadilisha. Kwa nyumba ni miezi miwili ya stima.

Mpangaji yuko wapi?

Hapa ndipo penye uzito kwangu.

Mpango huu uliandikwa ukimfikiria mtu mmoja: mwenye nyumba yake, paa lake na mita yake. Mtu huyo yuko Membley, yuko Kahawa Sukari, yuko kwenye mitaa ya nyumba za kujitegemea Ruiru na Thika. Githurai 45 yuko, lakini si wengi. Hapa watu wamepanga. Ghorofa moja inaweza kuwa na vyumba 30, kila mlango na mita yake ya tokeni, na juu kabisa kuna paa moja lenye matangi ya maji na kamba za nguo.

Paa ni la mwenye ploti. Mita ni ya kila mpangaji. Mwenye ploti akiweka paneli, salio linaingia kwa akaunti iliyo na mkataba, ambayo kwa kawaida ni ile ya pampu ya maji, taa za ngazi na kamera. Akaunti hiyo haitumii umeme mwingi. Akiweka paneli ndogo za kutosha pampu na ngazi, amefanya vizuri na ninampongeza. Lakini hana sababu ya kuweka zaidi, kwa maana salio la ziada halina pa kwenda. Na mpangaji, anayeishi chini ya paa hilohilo, anaendelea kununua tokeni kwa bei ileile kana kwamba jua halipiti juu ya kichwa chake.

Wako wanaosema mpangaji asilalamike, anunue paneli yake ndogo aitundike dirishani. Kama ni ile ndogo ya kuchaji simu na kuwasha balbu mbili, yenye betri yake, isiyogusa waya za nyumba, sawa. Wakenya wengi walianzia hapo. M-KOPA ilipoanza kuuza sola za kulipia mdogo mdogo kwa simu mwaka wa 2012, ilionyesha dunia kwamba mtu asiye na mshahara wa mwezi anaweza kulipia umeme wake kila siku, kidogo kidogo, hadi ukawa wake. Lakini paneli ya kuchomeka kwa soketi ya chumba ni jambo lingine. Ujerumani wanaruhusu sola ndogo za roshani hadi wati 800, lakini waliweka kanuni za vifaa na usajili kwanza. Hapa, kuchomeka kitu hicho bila mkataba ni hatari. Waya za ghorofa nyingi hazikujengwa kwa kazi hiyo, na zipo mita zinazousoma umeme unaorudi kama umeme ulionunua. Utaona tokeni inaisha haraka zaidi, na ni wewe uliyeizalisha.

Suluhisho lipo, na limejaribiwa kwingine. Brazil imeruhusu tangu 2015 salio la mtambo mmoja ligawanywe kwa akaunti za watu kadhaa wanaoushiriki. Ujerumani ilipitisha 2017 sheria ya umeme wa wapangaji, ili sola ya paa la jengo la kupanga iuzwe moja kwa moja kwa wanaoishi ndani. Wazo ni lilelile: paa moja, mita nyingi, kila mtu na fungu lake.

Fikiria ikifanyika kwa ploti ya vyumba 30. Mwenye ploti anaweka paneli. Mita ya pande mbili inasoma kilichopelekwa. Salio linagawanywa kwa nambari za mita ambazo wamekubaliana, na mpangaji anapata ujumbe kwa simu: umepokea yuniti kadhaa kutoka paa la jengo lako, tarehe hii. Mwenye ploti anaweza kuongeza kiasi kidogo kwa kodi kulipia paneli, na mpangaji anaona kwa macho yake kama anapata zaidi ya anachoongezewa. Asipoona faida, anahama. Hivyo ndivyo soko linafanya kazi Githurai, hakuna haja ya kamati.

Mtu aniambie ni nini kigumu hapo. Nambari ya mita tunayo. Tokeni tunanunua kwa Paybill 888880 na ujumbe unaingia kwa sekunde, umechanganuliwa hadi senti ya ushuru. Nchi iliyojifunza kutuma shilingi 50 kutoka Githurai hadi Lodwar haiwezi kushindwa kugawa yuniti 5 kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Kinachokosekana ni kifungu kwenye kanuni kinachosema salio linaweza kugawanywa kwa mita zaidi ya moja ndani ya jengo moja. EPRA wakifungua tena kanuni hizi kwa maoni ya umma, hilo ndilo la kupeleka. Maoni ya umma si ya wenye kampuni pekee. Mpangaji naye ana haki ya kuandika.

Kabla hujatuma pesa

Huku tukingoja hayo, kama una nyumba yako au ploti yako na unafikiria sola, fanya mambo haya kwa mpangilio huu.

Jua unatumia ngapi. Rudi kwa ujumbe wa tokeni kwenye simu yako wa miezi 12 iliyopita, ujumlishe yuniti, ugawe kwa 12. Huo ndio wastani wako halisi, si ule fundi anaokisia akiangalia ukubwa wa nyumba.

Jua unazitumia saa ngapi. Kwa wiki moja, soma mita saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Tofauti ya hapo kati ndiyo matumizi yako ya mchana. Nambari hiyo, kuliko nyingine yoyote, ndiyo itakayoamua ukubwa wa paneli zako.

Angalia paa, halafu angalia ploti ya jirani. Kivuli kidogo kwa paneli moja kinaweza kushusha uzalishaji wa safu nzima. Hapa Githurai ploti iliyo wazi leo inaweza kuwa na ghorofa sita baada ya mwaka mmoja. Kama jirani ameanza kumwaga mawe na mchanga, ngoja kwanza uone anafika wapi.

Dai leseni. Fundi wa sola lazima awe na leseni ya EPRA, na mifumo ya kuunganishwa na laini ni ya daraja la juu, T3. Omba nambari, uitafute kwa orodha ya EPRA mwenyewe. Picha ya cheti kwa WhatsApp haitoshi.

Omba hesabu iliyoandikwa. Iseme yuniti ngapi utatumia mwenyewe, ngapi utapeleka, na ngapi utaandikiwa kwa nusu. Hesabu inayokuandikia shilingi ulizolipwa na Kenya Power kila mwezi ni ya uongo, irudishe.

Uliza nani anashughulikia mkataba na mita. Nani anaandika ombi, nani analipia mita ya pande mbili, na nini kitafanyika ombi likichelewa. Hadi mkataba utiwe sahihi, inveta iwekwe isirudishe umeme kwa laini.

Lipa kwa hatua, kwa jina la kampuni. Till au Paybill ikileta jina la mtu binafsi badala ya kampuni mliyokubaliana, simama hapo. Usilipe zote kabla ya kazi: sehemu wakati wa kuagiza, sehemu vifaa vikifika na kukaguliwa, ya mwisho mfumo ukiwashwa na kupimwa. Weka kila ujumbe wa malipo pamoja na risiti. Mambo yakiharibika, ujumbe huo ndio shahidi wako.

Kwa wewe mwenye ploti, ombi langu ni dogo: anza na pampu na taa za ngazi. Ni umeme unaoweza kuhamishiwa mchana kwa urahisi, hauhitaji salio la mtu, na wapangaji wako wataona maji hayakatiki ovyo.

Na kwa wewe mpangaji, usikubali kuambiwa kwamba sola si mambo yako kwa sababu paa si lako. Tokeni ni zako, unazilipa kila wiki, na pesa zako ndizo zinazoshikilia laini hii. Muulize mwenye nyumba ana mpango gani na paa lake. Akikuambia hana faida nayo, mweleze ni kwa nini, na mwende pamoja mkaulize EPRA.